Gumzo la kikundi cha waandishi: kazi mbili kwa wiki, wasomaji wawili kwa kila kazi

*Jumapili jioni*

Bi Mwanaidi (admini): Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote. Mwezi unaisha, kila mwenye pendekezo la kuboresha kundi aliseme leo. Naomba tuanze na kubwa lao: kazi zinapita bila kusomwa. Salamu na stika tutazifikia.

Neema: Waalaykum salaam Bi Mwanaidi. Shikamoo Mwalimu Sudi, shikamoo shangazi Salma.

Mwalimu Sudi: Marahaba mwanangu.

Shangazi Salma: Marahaba Neema. Endelea, nasikiliza.

Neema: Kazi hazisomwi kwa sababu msomaji hajulikani ni nani. Shairi likitua mbele ya watu 60, kila mmoja anadhani mwenzake atalisoma. Napendekeza kila kazi ipewe wasomaji wawili kwa majina, kabla haijatumwa. Wengine wote wanakaribishwa kuchangia, ila hao wawili wana deni.

Baraka: Kwa nini wawili? Watano si bora zaidi?

Neema: Watano utawapata wiki ya kwanza, wiki ya tatu huwapati. Tukichukua kazi mbili kwa wiki, wasomaji wawili kila moja, tunahitaji watu wanne tu. Hata nusu ya kundi wakikaa kimya, zamu itakurudia baada ya wiki saba hivi. Huo ni mzigo unaobebeka.

Baraka: Kazi mbili kwa wiki? Dada Neema, juzi hapa zilitumwa tano kwa siku moja.

Bi Mwanaidi: Na katika hizo tano, ngapi zilipata maoni yanayotaja hata ubeti mmoja? Hakuna. Zilipata "kongole malenga" na emoji za moto za kutosha. Mimi nakubali mbili: shairi moja, hadithi moja.

Mwalimu Sudi: Naunga mkono, kwa sharti la kupanga foleni: soma mbili, tuma moja. Asiyewahi kusoma kazi za wenzake haingii kwenye foleni, awe mkongwe awe mgeni.

Shangazi Salma: Hapo kwa mgeni legezeni kidogo. Mtu ameingia leo, ana hofu, mnamdai kusoma kwanza. Mgeni atume moja bila deni, ya pili ndiyo adaiwe.

Mwalimu Sudi: Sawa Bi Salma, nimekubali.

Neema: Urefu nao uwekewe kikomo. Hadithi isizidi maneno 1,500, zaidi ya hapo msomaji wa simu anaishia nusu. Riwaya itumwe sura moja, tena na muhtasari wa mistari mitatu wa yaliyotangulia. Ushairi beti 7 mpaka 12. Utenzi una mistari mifupi, unaweza kufika beti 25.

Baraka: Na utumwe vipi? Mimi napenda kubandika hapa hapa, watu wasome bila kufungua faili.

Neema: Shairi libandikwe hapa, hadithi iwe faili. Hadithi ndefu ukiibandika, WhatsApp inaikata na kuweka "soma zaidi", na wengi hawabonyezi. Pia kuna alama zinazoharibu maandishi. Ukianza mstari kwa kistari na nafasi, kama wanavyofanya wengi kwenye mazungumzo ya wahusika, inageuka kuwa nukta ya orodha. Ukizungushia neno nyota, linakolezwa. Tumieni alama za kunukuu kwa mazungumzo, yataisha hayo.

Neema: Faili iwe ya Word au kiungo cha Google Docs. Ukitumia kiungo, ruhusa iwe ya kutoa maoni tu, isiwe ya kuhariri. Ukiacha ya kuhariri, mtu mmoja atafuta aya nzima akidhani anakusaidia. PDF haifai kwenye hatua hii, wengi kwenye simu hawawezi kuandika maoni pembeni ya mstari.

Mwalimu Sudi: Kwenye shairi nina la kuongeza. Mshororo wa mizani 16, yaani silabi 16, hautoshi upana wa simu nyingi, unakatika popote pale, na ubeti wa mistari minne unaonekana kama mistari minane iliyovurugika. Msomaji havioni vina. Kata mwenyewe kwenye mkato, pale katikati ya mshororo: ukwapi (kipande cha kwanza) mstari wake, utao (kipande cha pili) mstari wake. Acha mstari mtupu baina ya beti, na kila ubeti uandike "Ubeti 1", "Ubeti 2". Bila namba hizo tutatoaje maoni?

Bi Mwanaidi: Juu ya kila kazi kuwe na mistari mitano: jina la kazi, utanzu (shairi, hadithi au riwaya), urefu, toleo la ngapi, na swali la mwandishi kwa wasomaji. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. "Naomba maoni" si swali. "Je, mwisho wa hadithi umeonekana tangu aya ya pili?" hilo ni swali, msomaji anajua aangalie wapi.

Shangazi Salma: Ongezeni na lahaja. Mtu ameandika Kiamu safi, lahaja ya Lamu, "ndia" na "mato", anatokea msomaji anamsahihisha yote yawe "njia" na "macho". Maoni 20, yote ya tahajia, na shairi lenyewe halijaguswa. Mwandishi akitaja lahaja juu, hilo limekwisha.

Bi Mwanaidi: Umesema kweli shangazi. Basi inakuwa mistari sita.

Baraka: Sasa maoni yenyewe. Mimi nikisoma shairi nahisi kuna kitu hakijakaa sawa, lakini sijui niseme nini.

Mwalimu Sudi: Baraka, chukua huu ubeti, nimeutunga sasa hivi kwa mfano:

Mto umeinuka jana,
mitaro imefurika,
Watoto wanashikana,
maji yasije wateka,
Jirani wanaitana,
kuta zimeporomoka,
Taka zimesongamana,
maji hayawezi toka.

Hesabu mizani ya kila kipande.

Baraka: Nane nane zote?

Mwalimu Sudi: Rudia kipande cha kwanza, gonga kidole mezani kwa kila silabi.

Baraka: Mto-u-me-i-nu-ka-ja-na. Nane.

Mwalimu Sudi: Hapo ndipo wengi wanapoteleza. "Mto" ni m-to, mizani mbili. Ile m inasimama peke yake, kama kwenye "mtu" na "mti". Kwa hiyo kipande kina tisa. Ila usiende ukaigawa "mbuzi" mara tatu: hiyo ni mbu-zi, mbili. Na "nchi" ni mbili, n-chi.

Mwalimu Sudi: Maoni yanayofaa ni haya: "Ubeti 1, mshororo wa 1, ukwapi una mizani 9." Yanatosha. Cha pili ambacho msomaji makini angekiona ni vina vya kati. "Wanashikana" na "wanaitana" vyote vinapata -na kutoka kwenye kutendana. Ni vina sahihi, lakini ni vyepesi, na vikijirudia beti saba sikio linachoka. Cha tatu, "maji" yamekuja mara mbili katika mishororo minne.

Neema: Na dawa yake kwenye kipande cha kwanza? "Mto umevimba jana" inaingia.

Mwalimu Sudi: Inaingia, m-to-u-me-vi-mba-ja-na, nane kamili. Ila kwa utaratibu mimi ningependa msomaji aoneshe kosa na kuishia hapo. Akianza kutunga, shairi linakuwa lake.

Neema: Sikubaliani sana Mwalimu. Anayeanza akiambiwa "mizani 9" tu, anaweza kukaa wiki nzima asijue pa kushika.

Bi Mwanaidi: Tuseme hivi: pendekezo la kutunga litolewe mwandishi akiliomba kwenye swali lake. Asipoomba, tunaonesha tu.

Mwalimu Sudi: Hiyo naipokea.

Neema: Kwa hadithi, maoni yataje aya na kilichompata msomaji. Mfano: "Aya ya 4 Zena yuko sokoni, aya ya 5 yuko jikoni anapika, sikuona alivyorudi." Au: "Aya tatu za kwanza zote ni hali ya hewa, mtu wa kwanza ameingia aya ya 4." Mwandishi anajua cha kufanya. "Hadithi haivutii" haimsaidii hata kidogo, na inamuumiza bure.

Shangazi Salma: Na mwandishi anyamaze wasomaji wanapoongea. Nimeona hapa mtu akijibu kila hoja, "hukuelewa, nilimaanisha hivi". Kama ilibidi ueleze, basi haimo kwenye maandishi. Asome, aandike kando, ajibu siku ya mwisho.

Bi Mwanaidi: Ratiba basi. Jumatatu kabla ya saa 3 usiku kazi zitumwe. Jumatano saa 3 usiku wasomaji wawili wawe wametoa maoni. Alhamisi uwanja wazi kwa wote. Ijumaa baada ya Isha mwandishi anajibu. Jumamosi na Jumapili ni salamu, matangazo na mengineyo.

Shangazi Salma: Huku Muscat tumetangulia saa moja, kwenu saa 3 kwangu saa 4. Nitawahi.

Baraka: Msomaji akipotea je?

Bi Mwanaidi: Kila wiki kuna wa akiba mmoja. Jumatano ikifika saa 3 na maoni hayapo, wa akiba anaingia, aliyepotea anashuka mwisho wa foleni.

Shangazi Salma: Lakini aulizwe pembeni kwanza, asitajwe hapa mbele za watu. Pengine kafiwa, pengine bando limekwisha.

Bi Mwanaidi: Hilo lazima. Nitamwandikia mwenyewe.

Neema: Voisi je? Maoni ya sauti ya dakika sita hayatafutiki, na yanakula bando.

Mwalimu Sudi: Msiyakataze kabisa. Wapo wazee ambao kuandika kwenye simu ni taabu. Dakika moja, hoja moja, na kijana mmoja aiandike chini yake kwa mstari mmoja. Na kwa shairi mimi naomba voisi iwe ya lazima upande wa mwandishi: beti mbili tu, alisome au aliimbe. Mizani iliyopungua sikio linaidaka kabla ya jicho.

Neema: Pongezi ziwe kwa alama ya kugusa ujumbe, yaani bonyeza ujumbe, chagua moyo au makofi. Mwandishi anaziona na hazisukumi kazi kwenda juu. "Hongera" 40 zilizoandikwa zinaificha kazi ndani ya robo saa.

Baraka: Na wizi? Shairi la mtu lilionekana Facebook bila jina lake.

Bi Mwanaidi: Jina la mwandishi liwe mwisho wa kazi na ndani ya faili, si kwenye jina la faili peke yake. Hati asili itunzwe kwenye barua pepe yako, ina tarehe. Hakimiliki inaanza pale unapoandika, lakini kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au KECOBO, bodi ya hakimiliki kwa walio Kenya, kunarahisisha ushahidi kesi ikitokea. Na wanaoandaa mswada wa tuzo, iwe ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu au nyingine, wasitume mswada mzima hapa. Mashindano mengi yanataka kazi isiyochapishwa popote. Sura moja inatosha kupata maoni. Soma masharti ya mwaka husika kabla hata ya kutuma hiyo moja.

Neema: Bi Mwanaidi, utaratibu huu ubandikwe juu. WhatsApp inaruhusu jumbe tatu, muda mrefu ni siku 30, kwa hiyo utahitaji kuurudia kila mwezi. Wa kwanza uwe kanuni, wa pili ratiba ya wiki, wa tatu foleni.

Bi Mwanaidi: Nafanya sasa. Wiki hii: shairi ni la Baraka, wasomaji Mwalimu Sudi na shangazi Salma. Hadithi ni ya Neema, wasomaji mimi na Baraka. Wa akiba nani?

Mama Tumaini: Nipo, niandikeni. Nimekuwa nikisoma kimya kimya.

Bi Mwanaidi: Ahsante Mama Tumaini. Baraka, kesho kabla ya saa 3, na usisahau swali lako.

Baraka: Ninalo tayari, ni la kibwagizo, ule mshororo unaorudiwa mwisho wa kila ubeti: "Kibwagizo changu kimebeba beti zote tisa, au kuna ubeti kisipoingia?"

Mwalimu Sudi: Swali zuri. Na voisi ya beti mbili.