Tambi za pakiti, urojo au samaki wa kopo: kipi kinavimbisha kidogo?

Mlinzi wa Pete
Assalam alaykum wanajamvi. Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli Mji Mkongwe, naingia saa 3 usiku natoka saa 1 asubuhi. Chumba nilichopanga Kikwajuni hakina jiko, nina jagi la umeme tu. Miezi miwili sasa nikitoka kazini pete haivuki kifundo cha kidole mpaka nipake sabuni, na mikanda ya makubadhi inaacha mifereji mguuni. Nimepima presha duka la dawa, 128 kwa 82. Dada wa pale akasema si mbaya ila nipunguze chumvi. Sasa nipunguze wapi na mimi sipiki?

Chakula changu ni cha aina tatu. Tambi za pakiti, kwa kawaida mbili kwa mpigo. Urojo au chipsi na mishkaki nikipita njiani. Au boflo na samaki wa kopo, wale wa tungule. Nimejaribu na kubana maji, glasi mbili usiku kucha, sikuona tofauti. Kipi afadhali?

Bi Karafuu
Wa alaykum salaam mwanangu. La kwanza, wacha kubana maji. Nimeuguza wagonjwa miaka mingi na hili kosa nimelikuta kila wodi.

Damu inataka chumvi na maji viende kwa kipimo chake. Ukila chumvi nyingi figo haziwezi kuitoa papo hapo, basi mwili unaita maji yaje kuizimua. Unashikwa na kiu, unakunywa, na maji yanabaki mpaka chumvi itoke, siku moja mbili hivi. Itazame ile dripu ya maji ya chumvi ya spitali: lita moja ina gramu 9 za chumvi. Kwa hesabu ya haraka, kila gramu 9 zilizozidi mwilini zinashikilia kama lita moja, na lita moja kwenye mizani ni kilo. Ukibana maji, chumvi iko palepale na kiu juu yake.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima awe chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku. Hicho ni kijiko cha chai ambacho hakijajaa, na sodiamu, yale madini yaliyomo ndani ya chumvi, hapo ni miligramu 2,000.

Sonara wa Darajani
Niongezee hesabu hapo kwa Bi Karafuu. Pakiti nyengine zinaandika sodiamu, nyengine chumvi, na mtu akilinganisha bila kujua anajiibia. Sodiamu zidisha mara mbili na nusu, umepata chumvi.

Baada ya kusoma swali lako nimekwenda dukani nikanunua pakiti moja ya tambi. Kile kipakiti cha unga nimekitia kwenye mizani yangu ya dhahabu: gramu 5 na nukta. Siyo yote chumvi, mna sukari na pilipili na vyengine. Lakini nyuma ya pakiti wameandika sodiamu miligramu 1,180. Mara mbili na nusu, karibu gramu 3 za chumvi. Wewe unakula mbili. Gramu 6 kaka, siku yako imekwisha na hata chai hujanywa.

Halafu angalia wameandika kwa kipimo gani. Kuna wanaoandika kwa gramu 100, kuna wanaoandika kwa mlo mmoja, ukigeuza pakiti unakuta milo miwili.

Mlinzi wa Pete
Subhanallah. Kwa hiyo nikitia nusu ya kipakiti nimeshapona?

Sonara wa Darajani
Chumvi haishuki nusu nzima, maana tambi zenyewe zimekandwa na chumvi tangu kiwandani. Fanya hivi: mimina maji ya moto, funika dakika tano, yamwage yale maji, tia mengine ya moto, ndipo uweke nusu ya unga. Na iwe pakiti moja. Ukiona hujashiba, tia yai la kuchemsha. Mayai ya kuchemsha yanapita na vijana mitaani mpaka usiku, ila kile kijikaratasi cha chumvi na pilipili wanachokupa, muachie mwenyewe.

Mama Kachori
Mie nauza urojo na nimesoma hapa kimya kimya nikisubiri mtu autukane. Sikilizeni. Ukali wa urojo unatoka kwenye embe mbichi na ndimu. Chumvi kwenye ule urojo wenyewe ipo, siwafichi, lakini nyingi iko kwenye vinavyotupiwa ndani: bajia, kachori, mishkaki, chatne, na zile chipsi za muhogo za juu ambazo watu ndizo wanazogombania. Bakuli langu halina maandishi nyuma kama pakiti, lakini lina faida ambayo pakiti haina, mimi nipo na unaweza kunambia. Sema, "Mama, mbatata nyingi, yai, kachori moja, chatne kidogo, ndimu nizidishie." Nitakutilia. Na usilikombe bakuli mpaka chini.

Mwana wa Micheweni
Hilo la kumwambia mpishi ndilo linaloupandisha urojo juu ya pakiti kwangu mimi. Chipsi na mishkaki sizitii kwenye shindano kabisa: nyama imelala kwenye chumvi, chipsi zinanyunyiziwa, halafu mtu anamimina tomato sosi mpaka sahani haionekani.

Ila kwenye kopo mtashangaa. Nimeshika moja hapa la gramu 155, sodiamu miligramu 350 kwa gramu 100. Kopo zima kama 540. Si mbaya! Mchawi ni boflo. Mkate wa dukani una kama gramu 1.2 za chumvi kwa kila gramu 100, na ulimi hauisikii. Boflo ya gramu 200 peke yake inakaribia miligramu 960. Jumlisha na kopo: 1,500. Umeipita pakiti moja ya tambi na uliona unakula kistaarabu.

Kopo hilohilo lile na muhogo wa kuchemsha au mbatata, chumvi inabaki ya samaki tu. Mwaga na ule mchuzi wa kopo, kamulia ndimu.

Na asije mtu hapa akasema turudi kwenye vya kwetu tutasalimika. Dagaa wanachemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Ng'onda, samaki wa kukaushwa na chumvi, ndiyo usiseme. Mama yangu huku Pemba anaroweka tangu usiku, anamwaga maji mara mbili, na bado mchuzi hautii chumvi.

Kijana wa Mpendae
Kunywa madafu bro, maji yote yanatoka.

Bi Karafuu
Dafu lina potasiamu, na potasiamu husaidia figo kuitoa sodiamu. Mwenye figo nzima anywe kwa raha zake. Lakini mwenye maradhi ya figo, na wanaotumia baadhi ya dawa za presha, potasiamu ikizidi inaweza kuuvuruga moyo. Ni hivyohivyo kwa ile chumvi ya dukani wanayoiita ya sodiamu kidogo, mara nyingi wameipunguza kwa kutia potasiamu. Kwa hiyo tusiagizane tu.

Mwanangu mwenye pete, hujasema. Kuna dawa yoyote unatumia?

Mlinzi wa Pete
Presha sina, Bi. Ni diklofenaki tu ya mgongo, kiti cha mapokezi kibaya. Nanunua mwenyewe, kimoja kila usiku, tangu mwezi wa Ramadhani.

Bi Karafuu
Ndiyo hiyo nilikuwa naitafuta. Dawa za maumivu za ukoo huo, diklofenaki na ibuprofeni, zinazifanya figo zishikilie chumvi na maji. Wewe unakula gramu 6 za tambi, kisha unameza kitu kinachofunga mlango wa kutokea. Nenda kituo cha afya, waeleze miezi yote hiyo, wapime mkojo na figo. Mgongo una tiba nyengine.

Shoga wa Chake
Yetu ilikuwa ya mama. Vifundo vya miguu vimevimba, tukamnyima chumvi mpaka akawa hali, anasema wali kama karatasi. Kumbe ni amlodipini, dawa ya presha, inavimbisha miguu kwa baadhi ya watu na chumvi haihusiki sana. Daktari ndiye aliyembadilishia. Msijikatie dawa wenyewe lakini.

Bi Karafuu
Ahsante. Na wote mnaosoma: uvimbe wa mguu mmoja wenye maumivu, kukosa pumzi ukilala chali, kuongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, au mjamzito aliyevimba uso na kichwa kinamuuma, hayo si ya kulinganisha tambi na urojo. Ni ya kwenda spitali leo.

Mlinzi wa Pete
Narudi baada ya siku kumi na mbili. Figo wamesema nzima, alhamdulillah, diklofenaki nimeiacha na nimeomba kiti chengine kazini (bado nasubiri). Tambi pakiti moja, maji namwaga, nusu ya unga, ndimu na pilipili manga. Siku tatu za mwanzo ilikuwa kama kula uzi. Sasa nikila ya mwenzangu aliyetia kipakiti kizima naona anakula bahari. Kopo nakula na muhogo nikiuwahi, nikiukosa boflo nusu, kuiacha kabisa nimeshindwa.

Jana asubuhi pete imetoka kavu, bila sabuni. Makubadhi bado yanaacha alama, lakini mifereji hakuna.

Sonara wa Darajani
Kidole kikishapungua uilete niibane isije ikakudondoka.

Mama Kachori
Na ndimu yako ya kuzidishiwa nimeiweka mpaka imekauka.