Pumu ya ngozi kwa mtoto: nazi, mgando, oti au mwarobaini?

Mama Nuru (Dodoma)
Wadau, habari za jioni. Binti yangu ana mwaka na nusu, ana pumu ya ngozi kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni. Usiku ndiyo kasheshe, anajikuna mpaka shuka linapata damu. Daktari alishamwona, akatupa krimu ya kupaka inapochachamaa na kusisitiza ngozi isikauke. Sasa mtaani kila mtu ana dawa yake: mafuta ya nazi, mafuta ya mgando, kuogeshea oti, mwarobaini, na jirani kaniletea jani la aloevera. Mliotumia, kipi kinatuliza muwasho kweli? Huku upepo ni mkavu mno.

Bibi wa Tanga
Pole mwanangu. Sisi wa pwani ni nazi. Lakini iwe nazi yenyewe, isiyotiwa manukato. Yale mafuta ya nywele yenye harufu ya nazi yaache, yatamwasha zaidi. Wajukuu zangu nawapaka wakitoka tu kuoga, mwili bado una unyevu, na ngozi inalainika vizuri.

Baba Ivy
Shikamoo bibi. Nazi nzuri, ila kwa upepo wa Dodoma mimi nasema mgando. Mafuta mepesi yanapotea mapema. Mgando unabaki juu ya ngozi na kuzuia maji yasitoke. Bei rahisi na upo kila duka. Chukua usio na harufu, na uchote kwa kijiko kisafi badala ya vidole, maana kopo likishaingia uchafu unampaka mtoto vijidudu kila siku. Ubaya wake ni wakati wa joto: unanata, mtoto anatoka jasho, na jasho nalo linawasha.

Nesi Salma
Mama Nuru, pole sana. Ngozi ya mtoto mwenye pumu ya ngozi haishiki maji, na vinavyowasha vinapenya kirahisi. Ndiyo maana muda wa kupaka una uzito kuliko jina la mafuta. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, mkaushe kwa kubonyezabonyeza taulo bila kusugua, halafu paka ndani ya dakika 3. Rudia mchana hata kama hajaoga.

Oti inatuliza muwasho, hiyo si hadithi. Saga zile za kawaida zisizo na sukari mpaka ziwe unga laini kabisa. Koroga kidogo kwenye glasi ya maji: yakiwa meupe kama maziwa bila chenga kutuama chini, unga uko tayari kwa beseni. Mshike vizuri, beseni linateleza. Akitokea vipele vipya, acha.

Mwarobaini na aloevera sivipendi kwa mtoto mdogo. Ngozi iliyochubuka inauma, na ule utomvu wa njano wa aloevera unawasha. Mwarobaini usimnyweshe kabisa.

Mkulima Singida
Msisahau alizeti! Mama mkwe anapaka watoto mafuta ya zeituni kwa sababu ni ya bei, lakini daktari wa ngozi alituambia zeituni hudhoofisha ngozi ya namna hii, alizeti safi ni afadhali.

Nesi Salma
Kweli kabisa, kaka.

Mama Nuru
Asanteni sana. Maji yetu ni ya kisima, ya chumvi, sabuni haitoi povu. Na ile krimu naiogopa, wanasema inachuna ngozi.

Nesi Salma
Maji hayo na sabuni pamoja ndiyo yanakausha. Sabuni isiyo na harufu, kidogo tu, kwenye sehemu chafu, na usuuze sana. Sabuni za kuua vijidudu na ya kufulia zisimguse.

Krimu aliyoandikiwa, tumia kama ulivyoelekezwa. Pakipoa unaacha, mafuta unaendelea. Hatari iko kwenye krimu za kuazimana na zile za kujichubua, kuna zenye steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe, ikitumiwa ovyo huchuna ngozi). Usingoje wekundu pia: kwa ngozi yetu nyeusi, pumu ya ngozi huonekana kama weusi uliokolea au kijivu, na vipele vya kukwaruza.

Ukiona usaha, maganda ya njano, au malengelenge madogo yenye maumivu pamoja na homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na kama nyumba nzima inawashwa usiku, hasa katikati ya vidole, huo huenda ni upele wa kuambukizana (skabi), na tiba yake ni nyingine.

Bibi wa Tanga
Kata kucha kila wiki. Usiku mvike pamba nyepesi, blanketi la sufu liondoe. Akiamka analia, chovya kipande cha kanga kuukuu kwenye maji ya baridi, kamua, mwekee kwenye kiwiko dakika chache, kisha mpake mafuta tena. Atalala.

Mama Nuru
Naanza leo: mgando usiku, alizeti mchana, na oti akichachamaa. Aloevera namrudishia jirani.