PLC ya pili, au pesa ziende kwingine? (kiwanda cha maziwa, Industrial Area)

KijanaWaPaneli
Wakuu, habari za jioni. Niko upande wa umeme katika kiwanda cha maziwa hapa Industrial Area. Stima ikiyumba kidogo tu, mtambo wa kupasha maziwa unazima, na kabla ya kuendelea lazima tuuoshe upya. Meneja amekubali kununua PLC ya pili (ile kompyuta ndogo inayoendesha mtambo), moja ikifa nyingine ishike kazi. Paneli ina pawasaplai moja (kifaa kinachogeuza stima kuwa volti 24 za kulisha PLC), na sensa moja ya joto. Mnashauri nini?

FundiLungaLunga
Kijana, mwombe meneja asubiri. Katika paneli nilizofungua, PLC ndiyo hufa mwisho. Pawasaplai ndiyo hutangulia: feni ya kabati ikijaa vumbi joto linapanda, kapasita zinakauka. PLC mbili zikila kwenye pawasaplai moja, stima ikiyumba zinalala zote. Umenunua nini hapo?

Anza na volti 24. Weka pawasaplai mbili, kila moja iweze kubeba mzigo wote peke yake, ziungane kwenye moduli ya dayodi (hupitisha umeme upande mmoja tu) ili ile mbovu isiivute ile nzima chini. Moja ilishwe na UPS (betri ya akiba), na kila moja iwe na breka yake. Nimeona paneli mpya kabisa, pawasaplai mbili zinawaka taa ya kijani, ukifuata nyaya zote zinaishia breka moja! Halafu ile relei ya kengele (swichi ndogo ya kutoa onyo) kwenye moduli, ivutie waya mpaka PLC. Bila hiyo moja itakufa kimya, nawe utajua siku ile nyingine itakapoifuata.

Angalia kontakta za pampu pia, zile swichi kubwa zinazoshikwa na sumaku ya koili. Koili zake zikitumia stima ya kawaida, ikiyumba zitaachia hata kama PLC iko hai.

DadaWaVipimo
Fundi amesema kweli, ila mimi hiyo sensa moja ndiyo inaninyima usingizi. Maziwa yafike nyuzi 72 na yakae hapo sekunde 15, na kifaa kimoja tu ndicho kinachoamua vali iyapitishe au iyarudishe. Kama ni Pt100, sensa ambayo omu zake (ukinzani wa umeme) hupanda na joto, ina omu 100 kwenye nyuzi sifuri na karibu 128 kwenye nyuzi 72. Waya ukikatika omu zinapaa, na kadi ya PLC inayosoma sensa, kama haitambui waya uliokatika, itaona joto kali mno. Vali itapitisha maziwa ambayo hayajaiva. Hayo atakunywa mtoto wa mtu.

Weka mbili, programu ifuate inayosoma chini, na zikiachana sana kengele ilie. Ukipata tatu, chukua ya katikati. Kila moja na kebo yake, tafadhali.

KijanaWaPaneli
Asanteni sana. UPS ya ofisi ina nafasi, naweza kuchota hapo? Na meneja nimwambie nini kuhusu PLC?

FundiLungaLunga
Usichote hapo. Mtu atachomeka birika la chai na mtambo utalala. Nunua UPS ndogo ya paneli peke yake.

PLC ya pili inunuliwe, lakini ikae stoo na programu ileile ndani, tayari kufungwa. Kazi ikiisha, siku ya usafi mtambo ukizungusha maji, zima breka ya pawasaplai ya kwanza meneja akiona. Iwashe, kisha zima ya pili. Kengele isipolia mara zote mbili, usitie sahihi.