Hamira, kingamwili au biotini: nianze na ipi?

Mwanamaabara: Wakuu, nina protini nataka kujua inashirikiana na zipi ndani ya seli. Vifaa vinaagizwa Ijumaa. Mfumo wa hamira (kupima protini mbilimbili ndani ya seli za hamira), kuvuta kwa kingamwili, au TurboID (kimeng'enya kinachobandika vitamini ya biotini kwenye protini za jirani)?

Utando: Umeacha la muhimu. Protini inakaa wapi? Kingamwili nzuri unayo? Spektrometa ya masi, ile mashine ya kutambua protini, unaifikia?

Mwanamaabara: Samahani. Imepita kwenye utando wa seli mara saba. Kingamwili sina. Spektrometa ipo, kwa foleni.

Hamira89: Hamira! Tangu watafiti Fields na Song walipouleta mfumo huu mwaka 1989, uzuri wake ni kwamba husafishi protini yoyote. Chambo (protini yako) na windo (protini inayopimwa nayo) vikishikana, jeni ya kiashiria inawaka, koloni inaota.

Utando: Mfumo huo wa kawaida unataka vikutane ndani ya kiini. Protini yake haifiki huko.

Sahani: Ngoja niwasimulie. Sahani yangu isiyo na histidini (hamira huota hapo jeni ya kiashiria ikiwaka tu) ilijaa makoloni, nikafurahi mno. Nikasoma DNA ya mawindo 30, nikaandika ripoti. Mwezi wa tano mwenzangu akauliza: chambo ulikipanda peke yake? Sikuwa nimekipanda. Nilipokipanda na plasmidi tupu (kipande cha DNA kisicho na windo), makoloni yakaota yaleyale, ukubwa uleule. Kumbe chambo kilikuwa kinaiwasha jeni chenyewe. Miezi mitano ikapotea. Nakusihi, panga kontroli kabla ya kuagiza.

Jirani: TurboID. BioID, mtangulizi wake wa 2012, ilidai biotini saa 18 hadi 24. Hii ya 2018 inatosheka na dakika 10. Biotini ikishaganda haibanduki, kwa hiyo unaosha kwa sabuni kali bila hofu.

Mvutaji: Kukaribiana si kushikana. Biotini inampata kila aliye ndani ya nanomita 10 hivi, hata mpita njia. Mimi nataka kuziona zimevutwa pamoja.

Jirani: Na sabuni unayoyeyushia utando inaachanisha zilizoshikana kwa ulegevu. Hizo huzioni kabisa.

Mgeni: Naomba kuingilia. Nikitumia streptavidini (protini inayonasa biotini) naona mistari miwili mizito, kilodaltoni 75 na 130, hata kwenye seli zisizo na TurboID. Nimekosea wapi?

Jirani: Hujakosea. Ni kaboksilasi, vimeng'enya vya seli yenyewe, vina biotini kwa asili.

Mwanamaabara: TurboID niiunge ncha ipi? Ncha moja iko nje ya seli.

Utando: Ya ndani. TurboID inahitaji ATP (nishati ya seli), na nje ni haba.

Sahani: Na kontroli yako ni ipi? Bado hujasema.