DAP kila msimu na mahindi bado yanashuka: niongeze mbolea au nikodishe shamba?

Ekari2_Busia: Wakuu, hapa ni mahindi matupu. DAP wakati wa kupanda, CAN ya kukuzia, trekta la kukodi. Majani yanakuwa ya zambarau na striga, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, imeingia. Majirani wameanza kumkodishia mkulima mkubwa. Mnashaurije?

Afisa Ugani Mstaafu: DAP usiongeze. Zambarau ni njaa ya fosforasi, na fosforasi unaiweka. Tatizo ni kwamba udongo umechachuka, alumini inaishika. Amonia ya DAP ikigeuka naitreti huacha asidi. Pima kwanza: chota udongo sehemu 10 hadi 15, kina cha sm 20, changanya kwenye ndoo safi, peleka nusu kilo maabara. pH, yaani kipimo cha uchachu, ikiwa chini ya 5.5, weka chokaa ya kilimo kwa kiasi watakachokuambia, uichanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Usiimwage pamoja na samadi mbichi, naitrojeni itapaa hewani.

Fundi Ripa: Na hilo trekta? Jembe la sahani likipita kina kilekile kila mwaka hutengeneza tabaka gumu chini. Ng'oa mhindi: mzizi ukiwa umekunja kona ghafla, jibu unalo. Pasua kwa ripa, jembe la meno marefu, udongo ukiwa mkavu. Ukiwa na maji haupasuki, unafinyangika tu.

Nyasi na Maziwa: Striga dawa yake ni vuta-sukuma, ile ya ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi. Desmodium, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi; brachiaria, nyasi ya malisho, kuzunguka shamba. Desmodium hufukuza nondo wa bungua, wale viwavi watoboa mabua, na mizizi yake huichipusha striga kisha huizuia kushika mahindi. Mbegu ni ndogo mno: changanya na mchanga mkavu, fukia sm 1 tu. Msimu wa kwanza palizi ni ya mkono, maana vibarua huing'oa wakidhani ni magugu. Maharage yakae mstari mmoja na mahindi.

Ila desmodium hudumu miaka. Kama kwenu ng'ombe huachiwa mashambani baada ya mavuno, wataimaliza. Kubalianeni na majirani kwanza, au zungushia ua. Ukikodisha, mkataba utaje mabua ni ya nani; mkulima mkubwa akiyachoma, ng'ombe wako watakula nini Januari?

Ekari2_Busia: Ng'ombe ni wawili. Samadi hurundikwa nje ya zizi, haifunikwi.

Afisa Ugani Mstaafu: Mvua inaiosha hiyo. Ihamishie kivulini, funika kwa majani ya migomba, igeuze kila baada ya wiki 3. Ikiacha kutoa joto, weka viganja viwili kwa kila shimo la kupandia.