Shambulio la moyo: kwenu lilimkuta nani, saa ngapi? Tupeane uzoefu

Mwana wa Ujiji: Wakuu, juzi tumemzika jirani. Katoka kuswali alfajiri, kakaa barazani avue viatu, hakuinuka tena. Babu yangu naye ilikuwa asubuhi. Ni mimi tu? Kwenu je?

Binti Kibirizi: Umenitonesha. Mama yangu, miaka 58, ana sukari, anauza dagaa. Jumatatu saa 12 na nusu asubuhi, yuko anaanika, akasema kachoka, kichefuchefu, taya linavuta. Kifua hakukitaja kabisa! Tukampa chai ya tangawizi na dawa ya vidonda vya tumbo. Saa 2 jasho la baridi linamtiririka, kanga imelowa utadhani katoka kuoga ziwani. Bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia. Hospitali (sitaitaja) tukaambiwa ni gesi, kaeni foleni. Foleni jamani! Nesi mmoja mtu mzima akapita, akamtazama usoni: "Huyu ana sukari?" Akamkimbiza mwenyewe kwenye kipimo cha moyo. Kumbe shambulio linaendelea muda wote ule. Baadaye tukampeleka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar. Yupo, na ile chai ananisimanga nayo mpaka leo.

Kisado: Baba, saa 1 asubuhi. Vilevile.

Mzee wa Kanyenye: Jini la alfajiri hilo. Mnasumbuka bure.

Tabibu Mstaafu: Jini gani? Saa 12 asubuhi hadi saa 6 mchana ndiyo linapiga zaidi. Homoni za kuamsha mwili zinapanda, presha nayo, damu inakuwa rahisi kuganda. Mwenye sukari neva zake zimechoka, kifua kinaweza kisiume kabisa. Wanaume huwahi kupatwa, wanawake wengi ni baada ya kukoma hedhi.

Mnyamwezi Halisi: Mjomba alilima tumbaku Urambo na kuivuta. Kaondoka saa 8 usiku. Asubuhi yako iko wapi, daktari?

Tabibu Mstaafu: Nimesema zaidi, sikusema zote. Soma.

Mnyamwezi Halisi: Usinifokee, siyo mgonjwa wako.

Kisado: Wekeni aspirini ndani, likianza unatafuna.

Mama Wawili: Na kama ni kiharusi cha damu kuvuja? Utamuua. Kitunguu swaumu kinatosha.

Tabibu Mstaafu: Kitunguu weka kwenye mchuzi, mama. Mgonjwa mkimbize hospitali.

Mwana wa Ujiji: Binti Kibirizi, mama bado anauza? Nataka debe.

Binti Kibirizi: Anauza. Ila Jumatatu asubuhi usije, nimemkataza kutoka.