Amri za muda kwenye kesi za talaka: tukate rufaa palepale au tusubiri hukumu?

Mleta mada: Wakuu habari, naomba tulijadili hili bila matusi. Tangu Sheria Na. 25 ya 2002, uamuzi mdogo (unaotolewa kesi ikiwa bado inaendelea) wa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi hapa Tanzania haukatiwi rufaa wala marejeo (kuomba mahakama ya juu iukague), mpaka uwe umeimaliza kesi yenyewe. Mahakama Kuu nayo hivyohivyo, huendi Mahakama ya Rufani na uamuzi wa njiani. Kwenye madeni na viwanja sina ugomvi. Ila kesi ya ndoa hakimu anaweza kutoa amri ya muda mtoto akae kwa nani, baba atoe matunzo kiasi gani, halafu kesi inaahirishwa weee mpaka hiyo amri ya muda inakuwa ndo maisha yenyewe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia mtoto wa chini ya miaka 7 ni vizuri awe na mama yake, labda ithibitike vinginevyo. Sasa mtoto ana miaka 5, kwa muda kapewa baba, hukumu inatoka ana 8, mama atakata rufaa kwa hoja ipi tena? Na wakati huohuo kifungu cha 80 cha sheria hiyohiyo ya ndoa kinampa rufaa aliyeumizwa na uamuzi wowote au amri yoyote, ndani ya siku 45. Mi nasema watoto na matunzo wafunguliwe mlango.

Mdau (wakili): Naomba kutofautiana mkuu. Ukifungua huo mlango wa kwanza kupita ni mwenye hela. Mume ana wakili, mke anajisimamia mwenyewe, kila uamuzi mdogo ukitoka jamaa anakimbilia juu, jalada linaitwa, huku chini kesi imelala na mke hana hata nauli ya kufuatilia. Ndo maana wakaweka kile kizuizi. Kipimo kinachotumika ni kama amri imemaliza haki za wadaawa (pande mbili za kesi) au bado, kimetoka Uingereza kwenye kesi ya Bozson ya 1903 na majaji wetu wanakitumia mpaka leo. Halafu amri ya mtoto sio msahafu, rudi kwa mahakama ileile uombe ibadilishwe kama hali imebadilika au ilitolewa kwa taarifa za uongo.

Mdau: Wakili umeongea ila hiyo ya kurudi kwa hakimu yuleyule aliyekunyima mh! Dada yangu alipangiwa elfu 80 kwa mwezi watoto wawili, akarudi kuomba iongezwe, akaambiwa mambo ya kipato yatasikilizwa kwenye ushahidi, subiri. Ada ya shule haijui kusubiri.

Mdau: Mbona hamgusi kubwa zaidi, cheti cha baraza la usuluhishi la ndoa? Kabla ya kufungua talaka lazima upite baraza, likishindwa kuwapatanisha linakupa cheti. Sasa mdaiwa anaweka pingamizi la awali (hoja ya kisheria ya kutaka kesi itupwe kabla ya kusikilizwa) kwamba cheti kina kasoro, hakimu analitupa, na hapo huwezi kukata rufaa kwa sababu kesi haijaisha. Mnaendelea, mashahidi, mgawanyo wa mali, hukumu, Mahakama Kuu, mnafika Mahakama ya Rufani na huko wanasema cheti hakikuwa sahihi, mwenendo wote kuanzia chini unafutwa, rudini mkaanze upya. Imeshatokea hiyo, sio stori. Na hapo katikati mtu ameshaoa mwingine. Kama lile pingamizi lingeamuliwa juu mapema watu wangeokoa miaka, kwa hiyo kusema kizuizi kinaharakisha kesi ni nusu ya ukweli.

Mdau (Mombasa): Huku kwetu Kenya Agizo la 43 la kanuni za kesi za madai za 2010 limeorodhesha amri unazoweza kukatia rufaa moja kwa moja, zingine waomba idhini ya korti kwanza. Na kukata rufaa peke yake hakusimamishi kesi wala amri, wataka kusimamisha omba kando na utoe sababu. Mbona nyinyi msifanye hivyo?

Mleta mada: Asante wa Mombasa, hata kwetu rufaa kisheria haisimamishi kitu, tatizo ni jalada halisi likishapanda hakimu anabaki na nini mkononi. Kwa hiyo hoja ya wakili naipokea nusu. Ziende juu nakala tu za mwenendo, jaji mmoja asikilize harakaharaka, na iwe kwa mambo matatu tu: mtoto, matunzo na hicho cheti. Kugombea mali, gari sijui shamba, wasubiri hukumu.

Mdau (wakili): Cheti nakubali hata leo. Matunzo sikubali, maana huyo huyo baba aliyeamriwa kulipa ndo atakuwa wa kwanza kukata rufaa, na miezi yote hiyo halipi anasema nimekata rufaa.

Mleta mada: Basi alipe kwanza ndo asikilizwe. Hapo unasemaje?